Balozi akifa msikimbilie kuchoma makaratasi yake

Ndugu Mhariri, salaam.

Naomba kanafasi kadogo. Juzi gazeti lako lilitoa tanzia ya balozi mmoja mstaafu, mkataja vituo vyote alivyopangiwa na wakubwa aliopiga nao picha, vizuri tu, Mungu amrehemu. Ila mi kazi yangu ni kupanga nyaraka maktaba na kila nikisoma habari kama ile najiuliza kitu kimoja, makaratasi yake yako wapi sa hivi, na nani kashika funguo za kabati?

Nauliza kwa sababu nimeshaumia. Kuna familia ilituletea makaratasi ya mzee wao, mtu aliyeingia ubalozini kijana na kutoka na mvi. Tukatoa meza nzima maana tulijua yanakuja maboksi kama ishirini hivi. Likaja moja. Ndani vyeti vya uteuzi vimevalishwa plastiki, hotuba zilizochapwa vizuri, picha za kupeana mikono, basi. Nikamuuliza binti yake kwa adabu, dada, mzee hakuwa na dayari? Akasema alikuwa nazo nyingi, na barua alizokuwa anamwandikia mama kila akiwa safarini, lakini hayo ni mambo ya nyumbani, tumechoma kabla ya kuja tusije tukawajazia nafasi. Alidhani katusaidia, masikini, na mi nikasema asante huku moyo unanitoka.

Watu wengi hawajui hili. Ripoti na telegramu za balozi serikali inazo tayari, nakala imekaa wizarani na ipo siku itafunguliwa. Kitu ambacho serikali haina ni kile alichokiandika usiku akiwa peke yake, nani alimdharau mkutanini, lini alianza kuitilia shaka sera aliyokuwa anaitetea mchana kutwa. Mchukue George Kennan, mwanadiplomasia wa Marekani. Ile telegramu yake ndefu ya Februari 1946 kutoka Moscow, ya kuwaeleza wakubwa wake tabia ya utawala wa Kisovieti, maneno zaidi ya 5,000, kila mwanafunzi wa siasa za dunia anaijua na imechapwa siku nyingi. Lakini makaratasi yake binafsi yako maktaba ya chuo kikuu cha Princeton, na humo zimo dayari alizoanza akiwa mtoto wa miaka 11 akaziendeleza mpaka uzeeni kabisa, kafa 2005 ana miaka 101. Sehemu yake ikachapwa kitabu 2014, na mtu anayesoma mule anakutana na mzee anayejilaumu, anayejiona kazi yake imepotea bure, na mahali pengine anasema maneno ya kibaguzi ya kutia aibu. Kama kuna mtu angepitisha mkasi pale kulinda jina tungebaki na telegramu na sanamu. Mficha uchi hazai, na kwenye nyaraka ni hivyo hivyo.

Na si aibu tu inayofichwa, hata wema unapotea. Hiram Bingham alikuwa afisa mdogo wa ubalozi mdogo wa Marekani pale Marseille mwaka 1940, Ufaransa imeshaanguka, yeye akawa anagonga viza na kusaidia wakimbizi kutoroka wakati wakubwa zake hawataki, akahamishwa, baadaye akaacha kazi, na mwaka 1988 akafariki bila kujitangaza. Miaka ya tisini ndo wanawe wakakuta furushi la barua na nyaraka limesokomezwa kabatini nyuma ya bomba la moshi kwenye nyumba ya familia. Mwaka 2002 wizara yake ile ile ikamtambua rasmi, marehemu. Sasa fikiria siku ile wangekuwa wanafanya usafi wa haraka.

Mfano mwingine ni Ralph Bunche, huyu wa Umoja wa Mataifa aliyepata Nobel ya amani 1950 (na kwa taarifa yenu alijifunza Kiswahili London, mwalimu wake Jomo Kenyatta). Makaratasi yake mengi yako maktaba ya UCLA, chuo kikuu cha kule Los Angeles Marekani, na vijidaftari vyake vya safari ya Afrika Kusini ya 1937 vikaja kutoka kitabu 1992, yani miaka zaidi ya ishirini baada ya yeye kufa.

Kwa hiyo ombi langu kwa familia ni kwamba msipange. Najua mnataka kutuletea kitu kisafi lakini ule mpangilio wa marehemu nao ni habari, barua mbili alizozibana pamoja alikuwa na sababu. Nina kadi moja ya chakula cha usiku hapa kazini, mbele imeandikwa supu na samaki, nyuma mzee kachora meza kwa penseli na majina ya waliokaa, na pembeni ya jina moja kaweka alama ya kuuliza. Watafiti wanaigombania hiyo kadi kuliko hotuba zote. Mtu wa kupanga vizuri angeitupa. Hizo pini zenye kutu tutazitoa sisi, vipande vya magazeti tutavitenga maana vinageuza rangi karatasi ya jirani, faksi za zamani tutazikopi kabla maandishi hayajafutika, ndo kazi tunayolipwa.

Mnaogopa siri, naelewa. Kwanza mnaweza kuandikiana na maktaba kwamba barua fulani zisifunguliwe miaka 20 au 30, au mpaka mama afariki, na maktaba inayojiheshimu inafuata hilo. Pili, karatasi za ubalozi si mali ya familia, ni za serikali, mkataba wa Vienna wa 1961, ule wa nchi kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, unasema nyaraka za ubalozi haziguswi popote zilipo. Mkikuta faili lina muhuri wa siri kwenye sanduku la baba msilichome na msilipige picha mkarusha kwenye grupu la ukoo, mwambieni mtu wa maktaba, linatengwa, linaulizwa linakohusika, na mambo yanaisha kimyakimya.

Kinachoninyima usingizi lakini ni hawa mabalozi wanaostaafu sasa. Hawana barua, wana imeili ambayo paswedi yake wameondoka nayo, na simu yenye meseji za miaka kumi. Juzi juzi nimefuatilia laptopu ya mzee mmoja, nikaambiwa alipewa mjukuu, kaifomati siku hiyo hiyo apate nafasi ya gemu.

Basi Mhariri, mwandishi wako akienda tena kwenye msiba wa namna hiyo, baada ya kuandika vituo na miaka, amvute pembeni mtoto mkubwa amuulize tu, makaratasi ya mzee mmeyaweka wapi.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi,
Mtunza nyaraka