Pole si samahani

Mhariri, salamu kutoka Kisumu. Naomba nafasi niongee juu ya hili neno pole manake naona magazeti na redio mnalichanganya sana na inaniuma. Mvua kubwa ikinyesha mto Nyando ufurike, watu wa Ahero na Kano wanahamia mashuleni na magodoro yamelowa, mkubwa fulani anakuja anasema "poleni sana", kesho yake tunasoma eti ameomba msamaha. Ameomba saa ngapi?

Pole ni ya kumpoza mtu, imetoka kwa kupoa, ndio sababu ukimwambia Mswahili wa Pwani pole anakujibu nishapoa. Hapo hakuna mtu amekubali kosa. Mwenye kukosa anasema samahani, ama nisamehe.

Nafikiri shida inatoka kwa Kizungu, manake wao sori ni hiyo hiyo moja, ya kosa na ya huruma. Mgeni akijikwaa hapa steji alafu mama wa mboga amwambie sori, anashangaa, mbona huyu anaomba msamaha na si yeye ameniangusha? Lakini mama anamaanisha pole tu, ni vile ameisema na Kizungu.

Kijaluo hakina hiyo shida. Sisi tunasema mos. Umefiwa ni mos, umejikwaa ni mos, na mtu akienda mbio sana unamwambia mos mos, vile tu Kiswahili kina pole na polepole, na hizi lugha wala si ndugu, moja ni ya Kibantu ingine ni ya Kiniloti, lakini zote zimeona huruma na kutuliza mwendo ni kitu kimoja. Mimi hiyo hunifurahisha sana. Siku hizi hata wasio Wajaluo huko Nakuru utawasikia na mos mos yao.

Mwingereza akiona hizo herufi nne p-o-l-e anasoma nguzo, Mpolandi naye anasoma shamba, na hao siwalaumu, ni lugha zao. Lakini mwandishi wa Kiswahili hapa Kenya hana sababu.

Kwa hivyo Mhariri, ambia vijana wako, kiongozi akisema pole waandike amesema pole. Hao watu wa Nyando wakiangalia mashamba yao yamejaa maji wajue kabisa kwamba msamaha bado hawajaombwa na mtu yeyote.

Msomaji wako,
Kondele, Kisumu