Neema, Bibi kanishinda kwa rangi

Ng'ong'ona, Dodoma
9 Machi

Neema mpendwa,

Barua yako imenifikia ikiwa imekunjwa mara nane kama hirizi. Umeniuliza lile lile ambalo baba huniuliza kila nikirudi likizo: hivi unasoma nini hasa? Nikisema saikolojia, watu wa hapa wanacheka, "Ahaa, kumbe kazi yako iko Mirembe!" Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, sijaikataa, ila muhula huu hatusomi ugonjwa. Tunasoma akili ya mtu mzima wa afya, kama wewe, na vile vikazi vyake vidogo: kutambua anachokiona, kuweka umakini, kukumbuka, kuchagua jibu. Mambo yanayokwisha kabla hujapepesa jicho.

Sasa kitu kama hicho utakipimaje? Mwaka 1868 daktari mmoja wa Uholanzi, Donders, alitumia hesabu ya kutoa, hii hii unayowafundisha watoto wako wa darasani. Mpe mtu kazi nyepesi, pima muda. Mwongezee hatua moja, mathalani achague kati ya majibu mawili, kisha upime tena. Toa ule muda wa kwanza kwenye wa pili, na kinachobaki ndicho kilicholiwa na kule kuchagua. Walitokea wa kumpinga, wakisema ukiongeza hatua moja huenda umezivuruga na nyingine. Mimi lakini ujanja wake nimeupenda.

Kilichonifanya niandike usiku huu ni jaribio la Stroop, Mmarekani, la mwaka 1935. Aliwapa wanafunzi wa chuo vipande 100 vya rangi wavitaje. Kwa wastani walitumia sekunde 63. Kisha akawapa majina ya rangi yaliyoandikwa kwa wino usiolingana nayo, wataje wino tu, neno waliache. Sekunde 110! (Baadaye mwenyewe alijikita zaidi kufundisha Biblia kuliko mambo ya maabara.)

Nikanunua manila na maka peni, nikatengeneza kadi mbili. Ya kwanza ina miraba 20 ya rangi. Ya pili ina maneno 20: "nyekundu" kwa wino wa kijani, "bluu" kwa wa njano, namna hiyo. Kadi ya kwanza nilimaliza kwa sekunde 14, ya pili 24, tena kwa kigugumizi. Zawadi ninayekaa naye alikwama kabisa kwenye "njano" ya kijani. Akaangalia, akafungua mdomo, akacheka, akasema njano.

Bibi mwenye nyumba alikuwa pale nje anapanga zabibu zake kwenye beseni. Yeye shule hakwenda. Anasema walimu wake walikuwa ng'ombe wa baba yake. Nikamwamkia, "Mbukwa, Bibi," nikamwomba anitajie rangi. Hakuwa na haraka. Kijani aliita majani, na kila akifika kwenye bluu alinyoosha kidole kwenye kitenge chake kwanza. Kadi ya kwanza sekunde 31. Ya pili, Neema, sekunde 31. Kisha akanirudishia kadi na kuuliza, "Hizi za pili mbona umezipinda, mjukuu wangu?"

Nilisimama pale na simu yangu mkononi, saa bado inahesabu. Kwake yale hayakuwa maneno, yalikuwa rangi zilizochorwa vibaya. Mimi nilidhani kusoma ni kama jembe: ukilihitaji unalishika, ukimaliza unalitua. Kumbe halituliki. Neno likishapita mbele ya macho yangu limekwisha kusomwa, nitake nisitake, na linawahi mlangoni kabla ya rangi. Sisi wasomi tulikuwa tunabishana na neno. Bibi hakuwa na wa kubishana naye.

Najua, bibi mmoja si utafiti. Na kwa kasi tulimwacha mbali kwenye kadi zote mbili. Ila pengo, lile la kutoa la Donders, kwake ni sifuri na kwangu ni kumi.

Ndiyo maana nakuhitaji. Una watoto wa darasa la kwanza ambao bado hawajaunganisha "ba" na "ba", na jirani yako ana la nne wanaosoma kama maji. Wapime kwa kadi hizi, mmoja mmoja, wenzake wasisikie. Wadogo natarajia wapite kama Bibi. Ninaowaza sana ni wale wa katikati, wanaosoma kwa kudonoa silabi: je, neno linawavuta nao, au linachelewa kufika? Niandikie muda wa kila kadi, na kila mtoto aliposita.

Bibi alidai hela ya ushindi, ikabidi ninunue beseni zima. Nusu ya zabibu imo kwenye mfuko huu, chini ya kadi. Zile za pembeni zimeanza kulegea, anza nazo.

Wako,
Rehema