Si nyonga peke yake: tulitazame kondo la nyuma

Mhariri,

Makala za afya ya uzazi zikigusa mageuzi ya mwili wa binadamu, lawama zote za uzazi mgumu huangukia nyonga: tulisimama kwa miguu miwili, kichwa cha mtoto kikakua, njia ikawa finyu. Hoja hiyo, iliyopewa umaarufu na mwanaanthropolojia Mmarekani Sherwood Washburn mwaka 1960, ina ukweli wake. Mlango wa juu wa nyonga ni mpana kwenda ubavuni, wa chini ni mpana mbele na nyuma, kwa hiyo kichwa hulazimika kuzunguka kikiwa njiani. Kikikwama kwa muda mrefu hubana kibofu kwenye mfupa wa kinena. Nyama iliyokosa damu hufa, na siku chache baadaye mkojo huanza kuvuja. Hiyo ndiyo fistula.

Lakini kinachoongoza kuua akina mama wanaojifungua ni kutokwa damu, na asili yake haimo mifupani. Imo kwenye kondo la nyuma.

Kondo la ng'ombe au nguruwe hukaa juu juu ya ukuta wa mji wa mimba. La binadamu huchimba. Seli zake hupenya ukutani, hula misuli ya mishipa midogo ya damu na kuigeuza mabomba mapana ambayo mwili wa mama hauwezi tena kuyakaza. Mtoto hufaidi damu isiyokatika. Gharama hulipwa na mama. Uchimbaji ukiwa wa kina kifupi, mishipa hubaki myembamba, kondo hukosa damu ya kutosha na kumwaga kemikali zinazoumiza mishipa ya mama mwili mzima: presha hufika 140/90 au kupita baada ya wiki ya 20, na kifafa cha mimba hunyemelea. Ukipita kiasi, hasa kwenye kovu la upasuaji wa zamani, kondo hung'ang'ania na kukataa kubanduka.

Hata mambo yakienda sawa, mimba ikikomaa mji wa mimba hupitisha mililita 500 hadi 700 za damu kila dakika. Kondo likibanduka, mabomba yale hubaki wazi. Kinachoyafunga ni nyuzi za misuli ya mji wa mimba zinapojikaza kuyazunguka, basi. Ndiyo maana mama huchomwa oksitosini, dawa ya kuzikaza nyuzi hizo, yuniti 10 mara tu mtoto anapotoka. Dawa hiyo inataka nyuzijoto 2 hadi 8. Iliyokaa kwenye joto hupoteza nguvu bila kubadilika sura.

Kosa kubwa ni kukisia damu kwa macho. Iliyonywewa na shuka huonekana kidogo. Mfuko wa plastiki wenye alama za mililita, unaowekwa chini ya makalio, huondoa ubishi. Ikifika 500, au 300 huku mapigo yakienda mbio, yafanyike yote kwa pamoja bila moja kungoja jingine: kusugua tumbo, oksitosini, gramu 1 ya asidi ya traneksamiki (dawa inayozuia damu iliyoganda kuyeyuka) mshipani kwa dakika 10 (ndani ya saa 3 tangu kujifungua), maji ya dripu, na kukagua michaniko ya njia ya uzazi na mabaki ya kondo. Utafiti uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha utaratibu huu ukipunguza madhara makubwa ya kutokwa damu kwa asilimia 60.

Damu isipokoma, mama asafirishwe huku mji wa mimba umebanwa kati ya mikono miwili, mmoja ndani na mwingine juu ya tumbo, na asiachiwe mpaka afike chumba cha upasuaji.

Mkunga, msomaji wako