Tusiwaambie wageni wa maabara kwamba fomalini huzoeleka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie kauli moja inayosikika karibu katika kila maabara inayohifadhi vielelezo vya kibiolojia au kuchunguza tishu zilizokatwa kutoka kwa wagonjwa. Mgeni anaingia, machozi yanamtoka, koo linamkereketa, anaanza kukohoa; wenyeji wanacheka kidogo, kisha mmoja anamwambia, "Usijali, utazoea." Kauli hiyo husemwa kwa nia njema. Hata hivyo mimi, ambaye fomalini ni kazi yangu ya kila siku, sijui ushauri mwingine mbaya zaidi anaoweza kupewa mtu katika siku yake ya kwanza.

Fomalini ni maji yaliyoyeyushwa ndani yake gesi iitwayo fomaldehidi, kwa kiasi cha asilimia 37 hivi ya uzito wake, na mara nyingi huongezwa methanoli, aina ya pombe yenye sumu, ya asilimia 10 hadi 15 ili gesi hiyo isigandamane. Tangu Ferdinand Blum wa Ujerumani alipoonyesha mwaka 1893 kwamba kimiminika hicho hukaza tishu na kuzizuia zisioze, maabara za patholojia, yaani zile zinazochunguza tishu za wagonjwa, hazijapata mbadala ulioweza kukiondoa kabisa. Sababu ya umahiri wake ndiyo sababu ya hatari yake: fomaldehidi huzishika protini na kuzifunga zenyewe kwa zenyewe, na haina namna ya kutofautisha protini za kipande cha ini kilichomo kwenye chupa na zile za utando laini wa macho na pua ya mtu aliyeinamia chupa hiyo.

Sasa nirudi kwenye hilo la kuzoea. Kinachozoea ni pua, tena kwa muda tu. Mtu anayekaa ndani ya harufu hiyo hufika mahali akaacha kuisikia, ilhali kiwango cha gesi hewani hakijapungua hata chembe, na pengine kimepanda kwa sababu kuna mtu ameacha beseni wazi upande wa pili wa chumba. Kwa hiyo mwenyeji anayejisifu kwamba hasikii kitu ndiye asiyefaa kuulizwa kama hewa ni salama. Aulizwe aliyeingia sasa hivi kutoka nje, na bora zaidi aulizwe mpimaji mwenye kifaa. Nchini Marekani, kwa mfano, sheria ya usalama kazini inataka wastani wa saa 8 usizidi sehemu 0.75 za fomaldehidi katika kila sehemu milioni moja za hewa, na kwa dakika 15 zozote zisizidi sehemu 2. Hakuna pua inayoweza kusoma tarakimu kama hizo.

Isitoshe, kuna watu ambao mwili wao hufuata njia iliyo kinyume kabisa. Hufanya kazi kwa miezi au miaka bila malalamiko, kisha ngozi ya vidole inaanza kupasuka na kuwasha, au kifua kinabana kila wanapofungua mtungi. Huo ni mzio, na ukishajijenga, kiasi kidogo kisichowasumbua wengine hutosha kuuamsha. Kumwambia mtu wa namna hiyo avumilie ni kumwongezea ugonjwa. Na juu ya yote hayo lipo suala la saratani: mwaka 2004, jopo la wataalamu wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Saratani, iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka fomaldehidi katika kundi la kwanza, yaani miongoni mwa vitu vinavyojulikana kwa uhakika kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Saratani iliyotajwa wakati huo ni ile ya sehemu ya juu ya koo nyuma ya pua, na baadaye ikaongezwa saratani ya damu. Hatari hiyo huenda na wingi na muda wa kuivuta gesi, kwa hiyo hakuna haja ya aliyeinusa mara moja darasani kukosa usingizi. Anayehusika zaidi ni huyo huyo anayejivunia kuizoea.

Ajabu ni kwamba makosa mengi ninayoyaona hayatokani na uhaba wa fedha. Chukua feni ya kufyonza hewa inayofungwa darini. Wakuu wa maabara huionyesha kwa fahari, lakini hebu tazama fundi anavyofanya kazi: sinia yenye kielelezo iko mezani, uso wake uko juu ya sinia, na feni iko juu ya kichwa chake. Mvuke unaovutwa kwenda darini hauna njia nyingine ila kupita puani mwake kwanza. Hewa inapaswa kuvutwa kutoka usawa wa meza, kwa nyuma au kwa chini, au kazi yote ifanyike ndani ya kabati la kufyonza mvuke ambalo mlango wake wa kioo umeshushwa. Kufungua madirisha husaidia, ila kunategemea upepo umeamkaje. Na barakoa za kitambaa au za upasuaji, ambazo wengi huzivaa kwa imani kubwa, hazizuii gesi hata kidogo; zinazozuia ni zile zenye kichujio kilichotengenezwa mahususi kwa fomaldehidi.

Kosa jingine liko kwenye lebo. Katika lugha ya maabara, "fomalini ya asilimia 10" ni sehemu moja ya fomalini ya dukani iliyochanganywa na sehemu tisa za maji, hivyo fomaldehidi iliyomo ni takribani asilimia 4 tu. Mwanafunzi asiyeelezwa jambo hili husoma asilimia 37 kwenye chupa, akapiga hesabu yake vizuri kabisa, akatengeneza mchanganyiko wenye fomaldehidi ya asilimia 10, ambao ni mkali zaidi ya mara mbili na nusu kuliko ulioagizwa. Hesabu yake ni sahihi na chupa yake ni hatari. Kila chombo kiandikwe jina la kemikali, kiwango cha fomaldehidi chenyewe, tarehe na alama ya hatari. Na isitokee kamwe, hata kwa saa moja, fomalini ikamiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, kwa kuwa haina rangi na ikinywewa huunguza umio na tumbo, huku methanoli iliyomo ikiweza kumpofusha aliyepona majeraha hayo.

Fomalini pia isiwekwe kwenye jokofu. Ikipata baridi hutoa unga mweupe unaotuama chini ya chupa, na wapo wanaoipasha moto chupa hiyo mezani ili unga uyeyuke, jambo ambalo hukijaza chumba kizima gesi. Isikaribiane na pamanganeti ya potasiamu wala vioksidishaji vingine vikali, yaani kemikali zinazotoa oksijeni kwa urahisi. Wanaolainisha mifupa kwa asidi hidrokloriki nao wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa mfupa uliotoka kwenye fomalini ukitumbukizwa kwenye asidi hiyo bila kusuuzwa kwa maji mengi, kuna uwezekano wa kuzalishwa kemikali nyingine inayosababisha saratani, ambayo ni mbaya kuliko hizo mbili zilizoizaa. Mabaki ya fomalini nayo yasimwagwe kwenye sinki, maana huua hata bakteria wanaosafisha majitaka. Yakusanywe kwenye chombo chenye kifuniko hadi yachukuliwe na wenye kazi hiyo.

Kuhusu ajali sina mengi. Glovu ziwe za nitraili na zibadilishwe mara zinapolowa. Miwani iwe ile inayoziba pembeni. Fomalini ikimrukia mtu jichoni, jicho lishikwe wazi chini ya maji yanayotiririka taratibu kwa dakika zisizopungua 15, kisha aende hospitali, hata kama anasema maumivu yamekwisha. Aliyeimeza asitapishwe, akimbizwe kwa daktari pamoja na lebo ya chupa.

Kwa shule na vyuo nina ombi la ziada. Kielelezo kikishakazwa kwa fomalini hakilazimiki kuishi humo. Kinaweza kuoshwa na kulowekwa kwenye maji kwa kubadilisha maji hayo mara kadhaa, kisha kikahamishiwa kwenye ethanoli ya asilimia 70, na wanafunzi wakakishika bila kulia machozi. Ethanoli nayo hushika moto, hilo silifichi, na mitungi yake iwekwe mbali na vichomeo. Lakini kati ya hatari unayoweza kuizima kwa kufunga kichomeo na ile inayoelea hewani kutwa nzima, binafsi naichagua ya kwanza.

Mwisho, wakuu wa maabara wapimishe hewa angalau kila wanapobadilisha mpangilio wa chumba au kuongeza wingi wa kazi, na matokeo yabandikwe ukutani ambako hata mgeni atayasoma kabla ya kuvaa koti. Malalamiko ya anayekohoa siku ya kwanza nayo yaandikwe kwenye daftari la matukio pamoja na saa na meza aliyokuwa, na aliyepewa dhamana ya usalama aende kuikagua meza hiyo siku hiyo hiyo.

Wako,
Mtaalamu wa maabara ya patholojia