Asilimia 111

Kampala, Jumapili jioni

Ndugu yangu Rwegasira,

Salamu nyingi. Huku mvua inatunyeshea kila siku na Wandegeya ni tope tupu. Barua yako nimeipata, ya nyumbani nitayajibu wiki ijayo. Leo nataka unicheke kidogo.

Tulitengeneza aspirini maabara. Unapima gramu 2.00 za asidi ya salisili, unaongeza mililita 5 za anhidridi ya asetiki na matone machache ya asidi ya salfa, kisha chupa inakaa kwenye maji moto robo saa. Harufu ya siki inapanda puani hadi machozi yanakutoka. Ukitia maji ya barafu, fuwele nyeupe zinaanza kushuka taratibu. Nisikufiche, ni kitu kizuri kukitazama. Tukachuja, tukapima: gramu 2.90.

Hesabu niliifanya pale pale mezani. Moli moja (kipimo cha kuhesabia chembe) ya asidi ya salisili ni gramu 138, ya aspirini ni 180, na moja inazaa moja. Basi 2.00 gawanya kwa 138, unapata moli 0.0145, zidisha kwa 180, ni gramu 2.61. Zaidi ya hapo hakuna mavuno. Nami nikagawanya 2.90 kwa 2.61, nikapata asilimia 111, nikaipigia mstari kwa rula! Mwenzangu wa meza, kwa fuwele zile zile, alipata 30. Yeye alianzia kwenye anhidridi, ambayo hutiwa nyingi makusudi, karibu moli 0.053. Ni sawa na kuhesabu rolex, zile chapati za kukunjia mayai, kwa trei ya mayai wakati chapati unazo tatu tu.

Mwalimu msaidizi alimsahihisha mwenzangu kwa neno moja. Kwangu akakaa. "Hii ziada umeitoa wapi?" Nikanyamaza. Akabonyeza karatasi ya kichujio kwa kidole, kidole kikatoka kimelowa.

Rwega, aibu iliyonishika! Mimi niliyekulia kwenye ghala la mjomba kule Kyotera. Unakumbuka likizo ile ulipokuja? Mkulima akileta kiboko, kahawa kavu ikiwa bado na ganda lake (nyie mnaita maganda), mjomba hakimbilii mizani. Anachota kiganja kimoja, anatikisa sikioni. Isipolia, inarudi kwenye turubai ikaanikwe, mwenyewe hata aape vipi. Alikuwa akisema hanunui maji kwa bei ya kahawa. Na mimi nimekwenda kuyauza.

Fuwele zilikaa kwenye kikaushio hadi Ijumaa. Gramu 2.04, asilimia 78. Zilizopungua kwenye ile 2.61, nyingine ziliganda kwenye kuta za chupa, nyingine nimezipoteza mwenyewe kwa kuosha na maji mengi kuliko tulivyoambiwa, maana aspirini huyeyuka kidogo hata kwenye maji baridi. Mwenzangu akasema ni kama kiboko kinavyopungua kikikobolewa kuwa kase, yaani punje tupu. Tulibishana nusu saa. Ganda halijawahi kuwa kahawa, bwana! Ganda letu ni ile asidi ya siki inayotoka pamoja na aspirini, na hiyo 2.61 imeshaliacha nje. Asilimia 22 zilizokosekana zingeweza kuwa aspirini, zikatuponyoka.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe tukadondosha kloraidi ya feri juu ya chembe chache, zikageuka zambarau hafifu, yaani asidi ya salisili bado imo. Kwa hiyo hata hiyo 78 si aspirini tupu. Jumatano tunaisafisha upya, na najua itashuka tena. Safari hii sipigi mstari.

Senene wameshaanza kuanguka huko Bukoba? Ukipata mtu anayevuka mpaka wa Mutukula, nitumie kopo moja. Wawe wamekaangwa wakakauka vizuri, maana nitawapima.

Wako,
Juma