Sava moja ikifa, msizime zilizobaki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo linaniuma. Mi ni fundi wa sava, yaani kompyuta kubwa zinazotunza data na kujibu maduka, hapa Dar, natunza sistimu ya stoo ya wauzaji wa jumla kule Kariakoo, na kila sistimu ikiwa nzito nasikia keshia anamwambia mteja "mtandao unasumbua" wakati mara nyingi mtandao hauna kosa lolote.

Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika usiku, sava moja kati ya tatu ikazima na haikuwaka tena. Tunatumia Elasticsearch, programu ya kuhifadhi na kutafuta data, na kila kipande cha data kina kopi yake kwenye sava nyingine, kwa hiyo hakuna kilichopotea, klasta, yaani sava zote kwa pamoja, ikawa rangi ya njano tu, maana yake data ipo yote ila kopi kadhaa zimepungua. Ila asubuhi maduka yanafungua, keshia anatafuta sukari kilo 50 anasubiri nusu dakika nzima, makuli wamesimama na mikokoteni, akijaribu tena inakuja papo hapo, akijaribu ya tatu inaganda. Bosi akaagiza zima zote uwashe upya na kijana wa zamu akatii.

Jamani hapo ndo tuliharibu. Ikifa sava moja, hii programu inasubiri dakika 1, isiporudi inaanza kuzipa zilizobaki kazi ya kutengeneza kopi mpya, na usipogusa seting inakopi mwisho MB 40 kwa sekunde, yaani GB 150 kama saa moja hivi, na muda wote huo diski hiyohiyo ndo inajibu maduka. Ni nzito, lakini ina mwisho. Sasa ukizima sava ya pili kabla kopi hazijaisha, vile vipande ambavyo kopi yake pekee ilikuwa humo havipo tena mpaka iwake, na ikiwaka memori iko tupu, kila kitu kinasomwa upya kutoka kwenye diski. Tulitoka kwenye uzito tukaingia kwenye kukosa kabisa.

Na chanzo cha ile nusu dakika hakikuwa hata kukopi! Nilipotulia nikaangalia logi, kumbukumbu za kila ombi la kutafuta, nikaona maombi yanakwama moja kati ya kila matatu, mengine yako sawa. Kumbe programu yetu ya dukani ina orodha ya anwani za sava tatu na inazizungukia kwa zamu, na ya marehemu bado imo. Sava ikiwa hai ila programu yake imezima, inakukatalia hapohapo na unaenda kwa nyingine. Ikiwa imekata umeme haijibu chochote, unagonga mlango wa nyumba isiyo na mtu mpaka sekunde 30 tulizoweka wenyewe ziishe. Nikatoa anwani ile, dakika hiyohiyo simu za malalamiko zikapungua. Hakuna mtu aliyeniuliza kabla ya kuzima, na hili ndo linaniuma zaidi, maana lile swali la kwa nini mara inawahi mara inachelewa ndo lilikuwa limebeba jibu lote.

Makeshia nao nawaomba, mkiona imeganda msibonyeze kutafuta mara kumi, kila mkibonyeza ni swali jipya linapanga foleni kwenye sava ambayo tayari imeelemewa.

Kwa wenzangu wenye jenereta, jenereta nyingi hapa mjini mpaka iwake na kushika mzigo dakika mbili tatu zimepita, ile dakika 1 imeisha zamani na kukopi kumeanza bure, mi nimeiongeza ikawa dakika 5. Alafu angalieni diski. Sava tatu zikijaa asilimia 60 kila moja mnaona nafasi ipo, lakini ikifa moja mbili zilizobaki zinatakiwa kubeba 90 kila moja, na Elasticsearch ikifika 85 inagoma kupokea vipande vingine, ikifika 95 inafunga kabisa kuandika, yaani duka linauza lakini stoo haipungui kwenye sistimu. Kwa sava tatu mwisho wenu ni kama 56 kila moja, ili ikifa moja zilizobaki zisipite 85. Sisi tulikuwa 58, na sava ya nne nimeiombea hela mara mbili mwaka huu, barua ya tatu nimeipeleka kwa bosi jana.

Fundi wa sava,
Sinza, Dar es Salaam