Ardhi iliyo chini ya barabara ya juu

Mpendwa rafiki,

Salamu nyingi. Uliniuliza, barabara ya juu ikibomolewa katikati ya jiji, magari yatapita wapi? San Francisco walilazimika kulijibu swali hilo. Tetemeko la 1989 liliiharibu barabara ya juu ya Embarcadero, ikafungwa, na 1991 ikaanza kubomolewa. Jiji halikukwama. Madereva walizoea njia nyingine, na ufuko uliokuwa umezibwa na zege ukawa wa waenda kwa miguu. Foleni, ndugu yangu, hainitishi.

Ninachohofia ni ardhi inayobaki wazi. Fikiria Claiborne Avenue, New Orleans, katika mtaa wa Tremé. Ilikuwa barabara ya maduka ya Wamarekani weusi, na katikati yake palikuwa na mialoni mikubwa ambayo familia zilikaa kivulini mwake msimu wa sherehe za Mardi Gras. Mwaka 1966 mialoni ikakatwa, nguzo za barabara ya juu zikasimamishwa, na biashara nyingi zikafa. Wakazi wamevuta moshi na kusikia ngurumo za magari kwa zaidi ya nusu karne. Leo wapo wanaotaka barabara ile iondolewe, na wapo wanaoogopa kwamba siku ikiondoka, kodi za nyumba zitapanda na wao watalazimika kuhama. Hofu hiyo naiona ya haki kabisa.

Seoul waliondoa barabara ya juu kuanzia 2003, na 2005 kijito cha Cheonggyecheon kilichokuwa kimefunikwa chini yake kikafunguliwa, kizuri kweli. Lakini wachuuzi wengi wa pale walihamishiwa uwanja wa Dongdaemun, kisha uwanja nao ukabomolewa, wakaondolewa tena! Kijito kinaposifiwa, hao hawatajwi sana, na inaniuma.

Wewe umesomea mipango miji, kwa hiyo nakusihi ulisimamie hili: ardhi igawiwe kwa maandishi kabla tingatinga halijafika. Sehemu yake imilikiwe na wakazi kwa pamoja, ili isiuzwe kwa anayetoa bei kubwa. Wapangaji wa zamani walindwe kisheria, na wenye maduka wawe wa kwanza kupewa vyumba. Vichochoro vilivyokatwa viunganishwe upya, maana mtoto anayekwenda shule ng'ambo ya pili anahitaji kivuko salama kuliko bustani ya kupigia picha.

Niandikie ni sheria ipi inaweza kuyabana hayo tangu mwanzo, na nani hasa wa kumbana atie sahihi.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako